Filamu ina mlango, tangazo halina

Safari hii zamu ya kuandika ni ya sisi tulioko upande wa Kasese na Bwera. Tumechagua jambo ambalo kila mmoja wetu amelipita njiani, lakini wachache tumekaa chini kulifikiria: namna filamu za kutisha zinavyotangazwa, kwa mabango na kwa trela.

Mtu anaweza kuuliza: jamani, na shida zote hizi, mgao umepungua, karatasi hazijatoka, nyinyi mnatuandikia habari za mazombi? Ndiyo, tunaandika. Juu sisi tunafanya kazi na watoto, na watoto ndio wanaoyaona hayo mabango mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Someni mpaka mwisho, halafu mhukumu.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa mpakani Mpondwe trela tunaijua sana. Ni lile tela linalovutwa na lori, yale malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Trela linafuata nyuma. Sasa kwa nini kipande cha filamu kinachoonyeshwa mbele kiitwe trela? Kumbe zamani kilionyeshwa nyuma. Mwaka 1913 kule New York, bwana mmoja aitwaye Nils Granlund, aliyekuwa akitangaza majumba ya maonyesho ya Marcus Loew, alitengeneza kipande kifupi cha kutangaza mchezo wa jukwaani ulioitwa The Pleasure Seekers. Wenye sinema walipoiga mbinu hiyo, vipande hivyo vilikuwa vinafuata baada ya filamu kuisha. Ila watu wakishamaliza kuangalia wanasimama na kutoka. Basi wenye biashara wakavihamisha mbele, na jina likabaki lile lile.

Hapo tayari mnaona akili ya tangazo: linamfuata mtu pale ambapo hawezi kutoka. Miaka zaidi ya 100 iliyofuata, historia ya matangazo ya filamu za kutisha ni hiyo hiyo. Filamu yenyewe iko ndani. Ina mlango, ina tiketi, ina saa ya kuanza na ya kuisha. Ukiingia umekubali kutishwa, na ukichoka unatoka. Tangazo liko nje, kwa kila mtu, mwenye tiketi na asiye na tiketi. Na kila kizazi cha wauzaji kimetafuta njia ya kuusukuma woga mbali zaidi ya mlango.

Mfano wa kwanza ni Ujerumani, 1920. Ilikuwa inakuja filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari, habari za mtu anayemwongoza mwingine usingizini akaue. Kabla haijaonyeshwa, kuta za Berlin zilibandikwa mabango ya kumwambia mpita njia kwamba lazima awe Caligari. Huyo Caligari ni nani? Hawakueleza. Mtu alikuwa anakwenda kazini, anakutana na amri ya ajabu ukutani, anarudi nyumbani bado anaiwaza. Hapo woga ulikuwa haujalipiwa hata senti, na tayari ulikuwa umeingia kichwani.

Wamarekani nao wakaongeza yao. Filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931 inaanza na mtu anayetoka nyuma ya pazia kuwaonya watazamaji kwamba watakachoona kinaweza kuwashtua. Onyo likawa ni tangazo. Mnajua wenyewe, ukimwambia kijana "usiangalie", umeshamwita. Mwaka 1958 mtengenezaji William Castle alipotoa Macabre, alikwenda mbali zaidi: alikata bima kwa Lloyd's ya London, ya dola 1,000 kwa kila mtazamaji ambaye angekufa kwa woga akiwa anaangalia. Hata manesi waliwekwa mlangoni. Watu walijaa, si kwa sababu filamu ilikuwa nzuri sana, ila walitaka kujua ni kitu gani hicho kinachohitaji bima.

Halafu akaja Alfred Hitchcock na Psycho, 1960. Trela yake ni ya zaidi ya dakika 6, na ndani yake karibu hakuna filamu. Hitchcock mwenyewe anatembea polepole katika ile nyumba, anaonyesha ngazi, anaonyesha vyumba, anaanza kusimulia kilichotokea halafu anakatiza, kama mzee anayekumbuka kwamba watoto wako karibu. Mwisho anafika bafuni, anavuta pazia, mwanamke anapiga kelele, basi. Hata huyo mwanamke si yule anayeonekana bafuni kwenye filamu. Ni mwigizaji mwingine, Vera Miles. Na katika majumba ya sinema yaliwekwa matangazo kwamba filamu ikishaanza hakuna mtu kuingia.

Sisi trela hiyo tunaiheshimu. Inatisha, lakini haimwagi damu machoni mwa mtu ambaye hajakubali. Anachofanya Hitchcock ni kukuonyesha mlango na kukwambia: ukitaka, ingia.

Miaka 15 baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1975 kampuni ya Universal ilitumia karibu dola 700,000 kutangaza Jaws, ile ya papa anayekula watu, kwenye televisheni, siku chache kabla haijatoka, saa zile ambazo familia nzima imekaa sebuleni. Sasa tangazo halikungoja mtu apite barabarani. Lilimfuata mpaka kwenye kiti chake nyumbani. Biashara ilikwenda vizuri sana, na tangu hapo karibu kila filamu kubwa imefuata njia hiyo.

Tuje Afrika, msidhani sisi tulikuwa wanunuzi tu.

Ghana, kuanzia miaka ya 1980, kulikuwa na watu waliozunguka vijijini na televisheni, deki ya video na jenereta, wakionyesha filamu. Mabango ya kuchapwa hayakuwepo, basi waliwapa kazi wachoraji. Wachoraji hao walichora kwa mkono juu ya mifuko ya unga iliyofunguliwa na kushonwa pamoja. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu yenyewe. Akisikia kuna nyoka, anachora nyoka mwenye mtu mdomoni. Akisikia kuna mzimu, anaongeza fuvu, jicho lililotoka, na damu mpaka chini. Filamu ndani ilikuwa inaweza kuwa ya kawaida kabisa, lakini bango nje lilikuwa la kutisha kweli kweli. Leo yale mabango yananunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kama kazi za sanaa.

Nigeria, mwaka 1992, ilitoka Living in Bondage, iliyotayarishwa na Kenneth Nnebue. Mtu anamtoa mke wake kafara ili awe tajiri, na mzimu wa mke unamrudia. Ilisambaa kwa kanda za VHS, ikafungua biashara kubwa ya filamu za video, na nyingi zikafuata habari hiyo hiyo ya kafara, uchawi na pesa. Hapo kasha la kanda ndilo lilikuwa bango: limepangwa dukani, sokoni, juu ya meza ya mchuuzi. Tanzania nao, miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, za majini na mizimu ya kwetu, si ya Wazungu. Jini likitangazwa kwa Kiswahili linakaribia zaidi kuliko zimwi la Marekani, juu bibi yako alikuwa ameshakusimulia habari zake.

Na hapa Uganda tuna mtu ambaye nchi nyingi hazina: VJ. Katika vibanda vya video anakaa na maiki, anatafsiri filamu palepale, anachekesha, anaongeza maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Majina kama VJ Jingo yanajulikana mpaka huku kwetu. VJ ni mtafsiri, lakini pia ni tangazo lenye mdomo, kwa sababu spika iko nje ya kibanda na sauti yake inafika barabarani. Nguvu ya kitu hicho tuliiona kwa Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 trela ya filamu yake ya Who Killed Captain Alex? iliwekwa YouTube, na ndani yake kuna VJ Emmie anapiga kelele za furaha. Si filamu ya kutisha, ni ya mapigano na ya kuchekesha, lakini angalieni trela ilifanya nini: Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliiona akiwa New York, akapanda ndege mpaka Uganda kumtafuta aliyeitengeneza. Kipande cha dakika chache kilivuka bahari bila viza. Sisi tunajua viza ni nini.

Kwa hiyo hatusemi matangazo ni mabaya. Tunasema yana nguvu, na nguvu isiyo na mlango inataka kuangaliwa.

Sasa tufike mwaka 1999, kwa sababu mwaka huo yalitokea mambo mawili ambayo hayajuani, lakini kwetu yanafundisha somo moja.

La kwanza ni Marekani. Vijana walitengeneza The Blair Witch Project kwa pesa kidogo sana, habari ya wanafunzi watatu waliopotea msituni wakimfuatilia mchawi. Badala ya kutangaza filamu, walitangaza tukio. Zilibandikwa karatasi za kutafuta watu waliopotea, zenye picha za waigizaji. Kwenye intaneti iliandikwa kwamba hao vijana hawajulikani walipo na inadhaniwa wamekufa. Watu wakaamini. Mama wa mwigizaji Heather Donahue alianza kupokea kadi za rambirambi, na mtoto wake yuko hai, anakula na kulala. Filamu ilikusanya karibu dola milioni 250 duniani. Wengi wanaisifu kama tangazo bora kuliko yote. Sisi tunaiangalia kwa jicho lingine. Karatasi ya kutafuta aliyepotea kwetu si mchezo. Wako humu kati yetu wanaomtafuta mama au kaka hadi leo, kwa picha moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ikishageuzwa tangazo la biashara, ya kweli inapoteza uzito.

La pili ni Nigeria. Mwaka huo huo ilitoka End of the Wicked, ya mhubiri Helen Ukpabio, inayoonyesha watoto wakiingizwa kwenye uchawi na kudhuru familia zao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuwafanya watu waamini kwamba mtoto wa jirani anaweza kuwa mchawi. Mwenyewe alikataa lawama hizo, akasema ni filamu. Hatuingii kwenye kesi yao. Tunachosema ni kwamba filamu za namna hii zikikatwa vipande na kutumwa kwa simu, ile sehemu inayosema "ni filamu" inabaki nyuma. Kinachofika WhatsApp ni sekunde 40 za mtoto mwenye macho mekundu, na maneno chini yake: "ni kweli, imetokea." Na sisi tunaotoka Kongo tunajua mtoto akiitwa mchawi kinachofuata ni nini. Analala nje, ananyimwa chakula, anapigwa, anafukuzwa. Hayo hayana mlango wa kutokea wala saa ya kuisha.

Tangu hapo wauzaji wameendelea tu. Mwaka 2009 trela ya Paranormal Activity iliwaonyesha watazamaji wenyewe wakiwa gizani, wanaruka kwenye viti na kufunika macho. Woga wa wengine ndio uliouzwa. Mwaka 2018 tangazo la sekunde chache la The Nun lilionekana YouTube likiwa na alama ya sauti, kama vile simu yako inazimwa sauti. Ukisogea kuangalia, ghafla mtawa wa kutisha anatokea na ukelele. Watu walilalamika na YouTube ikaliondoa. Hata huko kwenye nchi tajiri, kumbe, watu waliona kuna mpaka umevukwa: mtu alikuwa anataka kuangalia wimbo tu.

Na wako waliojaribu kuweka mlango kwenye tangazo lenyewe. Marekani trela hutanguliwa na kadi yenye rangi, ya kijani au nyekundu, na ile nyekundu ni ya watu wazima. Kenya sheria yao ya filamu inagusa na mabango pia, si filamu peke yake. Uganda kuna Baraza la Habari, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na kuchuja filamu ni moja ya kazi zake. Lakini sheria iko Kampala, spika iko hapa njiani.

Sasa tuseme ya kwetu.

Bwera na Mpondwe si mahali pa kawaida pa kubandika picha ya mtu mwenye panga la damu. Upande wa pili wa mto, eneo la Beni limeona mauaji tangu Oktoba 2014, na wengi wetu ndio tumetoka huko. Upande huu, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na bweni lilichomwa moto. Hatutaeleza zaidi, wenye kujua wanajua. Tunataka mkumbuke tu kwamba mtoto anayepita mbele ya kibanda, akisikia ukelele na bunduki kutoka kwenye spika, hana namna ya kujua kwa sekunde ile ya kwanza kama ni filamu. Mkubwa anacheka. Mtoto mwili wake umeshakimbia.

Kuna kibanda kimoja, hatutakitaja, kilikuwa na picha ya namna hiyo nje, na spika imeelekezwa barabarani. Mtoto mmoja wa kikundi chetu, miaka saba, alianza kwenda kuchota maji kwa njia ya mbali, anazunguka nyuma ya mashamba. Mama yake alifikiri anacheza. Tulipomuuliza alisema neno moja tu: "Pale wanaua."

Tulikwenda watatu kuongea na mwenye kibanda. Tulimsalimia vizuri, juu ni mtu mzima na hana ubaya na wakimbizi. Tukamwambia, mzee, hatujaja kufunga kazi yako. Akasikiliza. Akasema, "Vijana, nikizima spika nani atajua niko hapa? Mtalipa nyinyi umeme?" Swali lake ni la haki. Shilingi 500 za tiketi ndizo zinasomesha watoto wake. Tuliongea muda mrefu. Mwisho alikubali mambo mawili: picha za damu ziingie ndani, ukutani mbele ya mahali pa kulipia, na spika mchana ipige muziki au mpira tu, ukelele ungoje mpaka mlango ufungwe. Nje akaacha ubao wa chaki wenye majina ya filamu na saa. Siku nyingine anasahau na sisi tunarudi kumkumbusha. Biashara yake haijafa, vijana bado wanajaa. Yule mtoto bado anapita njia ya mbali. Hatutawadanganya kwamba ubao wa chaki umemponya.

Kuna mtu atasema tunazidisha, woga ni woga tu. Tumkumbushe mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wa kwanza Uganda wakapatikana hapa Kasese, mwezi wa sita. Mabango ya ugonjwa huo nayo yalitutia woga. Lakini yalikuwa na njia: nawa mikono, usiguse maiti, ukiona dalili toa taarifa. Uliogopa na ulijua la kufanya. Bango la filamu halina jibu hilo, linakwambia uogope, basi. Kwa mtu mzima aliye salama huo ni mchezo, na mchezo tunaupenda, hata sisi tunaenda kibandani Jumamosi. Ila mtoto ambaye woga wake haujapata jibu tangu Beni hachezi.

Basi ombi letu kwa vikundi vyote ni dogo. Ongeeni na wenye vibanda wa kwenu, kwa heshima, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti au polisi. Damu iingie ndani, nje kubaki majina na saa. Ukitumiwa kipande kinachosema "ni kweli" na kuna mtoto anaitwa mchawi ndani yake, usikisambaze. Tafuta kimetoka filamu gani, uandike jina la filamu hapo hapo. Na mkiwa na watoto, wafundisheni namna trela inavyotengenezwa: damu ni rangi, ukelele umerekodiwa, yule mwanamke wa bafuni hata si yeye. Sisi tumejaribu hilo jioni moja, kwa simu moja na watoto kumi na wanne. Waliomba kurekodi ya kwao. Walitengeneza trela ya mbuzi anayetisha kijiji kizima, na mbuzi mwenyewe alikataa kuigiza, alikuwa anakula tu. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, na kesho yake wakaomba kuirudia, safari hii na mbwa.